Fikasi yangu inapukutika na ukuta una ufa: niung'oe ua wote?

"Nina ploti ya hamsini kwa mia hapa Nyamasaria, Kisumu, na udongo wetu ni ule mweusi wa pamba. Mwaka juzi mwezi wa Aprili nilipanda miche 50 ya fikasi upande mmoja mrefu, futi mbili kati ya mche na mche, ili iwe ua. Sasa imefika urefu wangu. Lakini tangu Januari majani yanageuka manjano na kuanguka, na chini kumebaki vijiti vitupu mpaka naona kuku wa jirani. Majani mengine ya juu yamejikunja, na ukiyafungua ndani mna vidudu vyeusi. Kisha mwezi huu nimeona ufa unaotoka kona ya dirisha la jikoni, na ukuta huo uko mita tatu kutoka kwa ua. Jirani anasema niung'oe wote kabla mizizi haijaangusha nyumba. Aliyeniuzia miche aliniambia fikasi haina mizizi ya maana. Mume wangu anataka tumwage chumvi. Tangi la choo nalo liko kona ya nyuma, hatua mbili tu kutoka mche wa mwisho. Nifanye nini, na nipulize dawa gani?"

Dada, hapo kuna maswali matatu yaliyofungwa kitita kimoja: majani, ufa na choo. Kila moja lina chanzo chake, na ukiyachanganya utashika shoka kabla hujajua unakata nini. Nianze na jibu fupi, maana najua ukuta ukipasuka mwenye nyumba halali. Usiung'oe ua wote. Miche ya kona ya choo, hiyo kweli iondoke, na iondoke mwaka huu ingali midogo. Dawa ya kupuliza usinunue. Chumvi irudi jikoni.

Tuanze na mti wenyewe, kwa sababu jirani yako na aliyekuuzia miche kila mmoja ameshika nusu ya habari. Fikasi inayouzwa kwenye nasari zetu za kando ya barabara mara nyingi ni Ficus benjamina. Asili yake ni Asia ya kusini na kusini-mashariki hadi kaskazini mwa Australia, na huko porini hufika mita 30. Ni ndugu wa damu wa mkuyu na mugumo. Kwa hiyo ulichonacho kando ya jikoni ni mti wa msituni unaozuiwa kwa makasi usiwe mti. Kusema hauna mizizi ya maana ni maneno ya mtu anayeuza. Kusema utaangusha nyumba kesho ni kuuona mugumo wa miaka mia ndani ya mche wa miaka miwili. Mizizi hukua kwa kadiri ya majani yanayoilisha. Mti ukibaki futi saba, mizizi yake hubaki ya mti wa futi saba. Ukiuachia ufike paa, mizizi nayo itafuata.

Sasa majani. Fikasi ni mti wenye hofu kuliko miti mingi ya bustani: ukibadilishiwa mwanga, maji au mahali, hupukutisha kwanza na kutafakari baadaye. Lakini kupukutika kwenyewe kuna namna. Majani mabichi yakianguka kwa wingi ndani ya siku chache, mti umeshtuka, kama mche uliolelewa chini ya neti ya kivuli ukatolewa ghafla kwenye jua la Kisumu. Yakianza kuwa manjano yale ya ndani na ya chini, moja moja, ndipo yaanguke, mti unabana matumizi. Mizizi ikikosa maji, mti huchota chakula kilichomo kwenye jani kuukuu, hasa naitrojeni, hukipeleka kwenye chipukizi, kisha hulikata jani kwenye kikonyo. Manjano unayoiona ni jani lililokwisha kunyang'anywa mali yake. Kwa maelezo yako, na kwa kuwa yalianza Januari, wako uko kwenye kundi hili la pili. Ni kiu.

Utasema, "Lakini mimi namwagilia kila jioni." Ndiyo, na huenda hapo ndipo penye kosa. Udongo mweusi ukikauka hupasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Ukimwaga kikombe cha maji kwa kila mche, sehemu hulowesha vumbi la juu na sehemu hudumbukia ufani ikapita mizizi bila kuisalimu. Jaza kwanza nyufa hizo kwa udongo uliolegezwa kwa jembe, juujuu tu, usichimbe ukakata mizizi. Kisha weka matandazo ya unene wa vidole vinne, yasiguse shina. Hapo kwenu huna haja ya kununua kitu: tithonia, yale maua ya manjano yanayojaa kando ya barabara kuanzia Kisumu hadi Maseno, kata machanga na uyalaze chini ya ua. Huoza haraka na majani yake yana naitrojeni na potasiamu nyingi, kwa hiyo ni matandazo na mbolea kwa pamoja. Baada ya hapo acha vikombe vya kila jioni. Mpe kila mche nusu ya mtungi wa lita 20 mara moja kwa wiki, polepole, mpaka mvua zishike. Maji yaliyoshuka chini huvuta mizizi chini, na yale ya juujuu huiweka juujuu, mahali ambapo jua la Februari huifikia.

Ila Aprili ikifika, shida itageuka kinyumenyume, na dalili itakuwa ileile, manjano. Shimo lililochimbwa kwenye udongo wa mfinyanzi, likajazwa udongo laini na samadi, ni bakuli. Mvua ikinyesha maji hujaa humo na hayana pa kwenda, na mizizi hukosa hewa. Kama msimu uliopita uliona maji yakituama kwenye mstari wa miche, chimba mfereji mdogo wa kuyatoa kabla ya Machi kufika katikati, na uinulie udongo kidogo kuzunguka mashina uwe kama tuta. Njia ya kutofautisha ni rahisi: ingiza kijiti au kidole urefu wa kiganja. Kikitoka kikavu, ni kiu. Kikitoka na tope lenye harufu mbaya, mti unazama, na kuuongezea maji ni kuumaliza.

Vile vijiti vitupu vya chini vina sababu nyingine juu ya kiu, na hii karibu kila mwenye ua anaifanya. Watu husubiri fikasi ifike urefu wanaoutaka ndipo waiguse kwa mara ya kwanza. Wakati huo kilele kimekwisha kutawala. Ncha ya mti hutuma homoni chini inayoyaambia machipukizi ya pembeni yalale, na hayatashindana nayo hadi ncha ikatwe. Mche wa fikasi ungekatwa kichwa ukiwa goti hivi, ukakatwa tena ukiwa kiunoni, kila mara ungejibu kwa matawi mawili matatu ya pembeni. Halafu kuna umbo. Naamini, bila kuuona ua wako, kwamba juu ni mpana kuliko chini. Panga huleta hivyo, kwa sababu mkono huchoka ukiinama. Juu ukiwa mpana, chini kuna giza, na jani lisilopata mwanga ni mzigo ambao mti hautaubeba.

Habari njema ni kwamba fikasi husamehe. Hukubali kukatwa hadi kwenye tawi kuukuu lisilo na jani hata moja na bado huchipua. Saiprasi haiwezi: ukiikata ukapita kwenye sehemu ya kahawia, hapo hapachipuki tena. (Wazee wanaokumbuka vile vidukari vya saiprasi vilivyoingia nchini mwaka 1990 wakaona nyua nzima zikikauka watakuambia kwa nini watu wengi walihamia fikasi.) Kwa hiyo subiri mvua za Machi zishike vizuri, wiki mbili hivi, kisha punguza urefu kwa thuluthi moja. Pande zake zikate ziwe na mteremko: chini pana, juu pembamba, kama paa la banda. Tumia kamba mbili zilizofungwa kwenye vigingi, jicho hudanganya. Usikate sasa katika ukame. Mti uliokatwa wakati wa kiu hutumia akiba ya mwisho kuchipua, na machipukizi hayo hukaangwa na jua. Baada ya hapo, wakati wa mvua kata kidogo kila wiki sita hadi nane. Kata kidogo mara nyingi. Kukata sana mara moja kwa mwaka ndiko kunakoleta vichwa vya mabua na mapengo.

Vidudu vyeusi ndani ya majani yaliyokunjika ni thripsi. Wakulima wa vitunguu wanawajua ndugu zao. Hawa wa fikasi hufyonza jani likiwa changa, nalo hujikunja katikati kama sambusa, wao wakajifungia ndani na kutaga mayai. Ndiyo maana nimekukataza kununua dawa: ukipuliza juu, inateleza nje ya sambusa na walio ndani hawalowi. Mbaya zaidi, utaua wadudu wengine wanaoingia humo kuwala. Thripsi hawatauua ua wako, wanauharibu sura tu, na jani lililokunjika halikunjuki tena hata wakifa wote. Chuma majani hayo au kata ncha zake, yafunge ndani ya mfuko, yaache juani siku kadhaa kisha yafukie. Usiyarundike chini ya ua. Machipukizi mapya yakitoka mwezi wa Aprili, yapulizie maji ya sabuni ya kipande au mafuta ya mwarobaini jioni, mara moja kwa wiki kwa wiki tatu, kabla hayajakunjika. Ukiona pia majani yana weusi kama masizi na sisimizi wanapanda na kushuka, hao ni wadudu gamba au vidung'ata, na sabuni hiyohiyo huwafaa.

Tuje kwenye ufa, kwa sababu najua hapo ndipo moyo wako ulipo.

Udongo mweusi wa pamba, huu uliojaa uwanda wote wa Kano hapo kwenu Kisumu, una mfinyanzi ulio kama kitabu chenye kurasa nyembamba mno. Ukilowa, maji huingia kati ya kurasa na kitabu huvimba. Ukikauka, hufumba. Nyumba iliyojengwa juu yake bila kuchimbua hadi chini hupanda na kushuka na misimu, na kona ya dirisha, ambako ukuta ni dhaifu, ndiko hukubali kwanza. Nyufa kama zako zipo Nyamasaria katika nyumba zisizo na hata mti mmoja. Mche wa miaka miwili wenye urefu wako, ulio mita tatu kutoka ukutani, una mizizi michache sana chini ya jikoni, kama ipo. Sidhani ndio uliopasua ukuta huo. Lakini jirani yako hajatunga uongo mtupu. Mti hunyonya maji, udongo chini yake hukauka zaidi kuliko kwingine, na msingi upande huo hushuka kuliko upande wa pili. Mizizi haisukumi nyumba, kama watu wanavyodhani. Huifuja kwa kuinyima udongo unyevu. Kanuni ninayoitumia kwenye udongo huu ni kuuweka mti mbali na msingi angalau kwa urefu wake. Ua wa futi saba kwa mita tatu unakubalika. Ua uleule ukiachwa ufike mita sita, mita tatu hazitoshi tena.

Kwa hiyo fanya kitu kimoja leo, hakina gharama. Chora mistari miwili ya penseli kuvuka ufa, andika tarehe, pima upana kwa rula. Pima tena kila mwanzo wa mwezi. Ufa ukifumba Aprili na Mei na kufunguka tena Januari, ni udongo unapumua, na tiba yake ni maji: gata zisimwage mguuni mwa ukuta, na kusiwe na upande unaomwagiliwa sana na upande unaokauka kabisa. Ukizidi kupanuka hata mvua ikinyesha, ukifika upana wa milimita 5, ukienda kingazi kufuata maungio ya matofali, au mlango ukianza kukwama, mwite mhandisi wa majengo auone kwa macho. Hapo si kazi ya mtu wa mimea kama mimi, wala ya fundi wa kuziba ufa kwa saruji.

Upande wa nyumba, kila mwaka mvua zikianza, chukua beleshi lenye makali uchimbe mstari mwembamba mita moja kutoka kwenye mashina, kina cha beleshi zima, ukikata mizizi inayoelekea jikoni, kisha rudisha udongo. Kata upande mmoja tu kwa mwaka. Wengine hulaza plastiki nzito, ile ya chini ya sakafu, ikisimama hadi kina cha sentimita 60. Inasaidia, ila huchelewesha tu. Mzizi ukifika mwisho wake hupita chini.

Choo sasa, na hapa siko mpole. Mizizi hainusi maji kutoka mbali, huenda kila upande, na ule unaogusa unyevu ndio huzaana. Tangi la choo na bomba lake ni unyevu na mbolea mwaka mzima, Januari yote. Mimi mwenyewe niliwahi kupanda fikasi mbili kando ya shimo la kuzamia maji, kwa ajili ya kivuli tu. Mwaka wa nne maji ya bafuni yakaanza kurudi ndani. Fundi alipofungua maungio alivuta kitu kama mkia wa ng'ombe, mizizi myembamba tupu, mirefu kuliko mkono wangu. Bomba halikuvunjwa popote. Lilikuwa limeungwa bila gundi, na uwazi wa unywele ulitosha. Pima mita 6 kutoka kwenye tangi; kwa futi mbili mbili ni kama miche minane. Ing'oe na visiki vyake, maana kisiki cha fikasi huchipua. Hapo weka fensi ya waya na pasheni itambae. Kama maji tayari yanashuka polepole au mnaita lori la kunyonya mara nyingi kuliko zamani, mtafute fundi wa mabomba afungue maungio kabla hujang'oa chochote.

Na chumvi? Sodiamu iliyomo huvunja muundo wa mfinyanzi, udongo ukawa uji wakati wa mvua na tofali wakati wa jua. Ikifika kwenye msingi hula nondo. Hata sukuma wiki ya jirani itakauka kabla ya fikasi.

Ungeniuliza kabla ya kupanda, kwa udongo huo na ukaribu huo ningekuambia upande kayaba, yenye miiba na isiyohitaji mlinzi, au duranta. Fikasi ni nzuri, ya kijani mwaka mzima, lakini ni mkataba wa makasi usio na mwisho. Kwa hiyo jiulize swali moja mlilo nalo nyumbani wewe na mume wako: mtaendelea kuishi hapo? Kama mna mpango wa kuhamia Nairobi na kumpangisha mtu ambaye hatagusa ua kwa miaka mitano, basi jirani yako yuko sahihi na ng'oeni wote sasa, ukiwa bado unang'oleka kwa sululu. Msiache hadi uwe mkubwa. Kwenye udongo huu, kuondoa miti mikubwa yote kwa mpigo huacha ardhi inyonye maji tena na kuvimba, na nyumba iliyokuwa ikishuka ikaanza kuinuliwa. Kama mnakaa, zungumzeni na huyo jirani mkubaliane nani anakata upande upi, kwa sababu nusu ya mizizi iko kwake.

Mapengo yatakayobaki baada ya mvua, usinunue miche. Kata vijiti vya urefu wa kiganja na nusu, viloweshe majini mpaka utomvu ukome, vichomeke kwenye mifuko ya udongo kivulini. Wiki sita hivi vitakuwa na mizizi. Mbegu usitafute: kila jamii ya mkuyu ina nyigu wake mdogo wa kuichavusha, na bila huyo nyigu tunda la fikasi ni tupu. Ile miche ya mikuyu inayoota kwenye gata zako ililetwa na ndege kutoka kwenye miti yetu ya asili. Ing'oe ikiwa na majani mawili.

Siku ya kukata, vaa glavu na mikono mirefu. Utomvu mweupe huwasha ngozi, na ukiingia jichoni suuza kwa maji mengi ya bomba. Jicho likibaki jekundu nenda hospitali. Aliye na mzio wa glavu za mpira asikate kabisa. Na usivae leso unayoipenda, utomvu ukikauka hautoki.